Si Ugonjwa wa Wafalme: Hemofilia kutoka Cordoba hadi Kikopey



Ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Nakuru, ukishapita Gilgil huhitaji kuambiwa umefika Kikopey. Moshi wa nyama choma utakuamsha hata kama ulikuwa umelala garini. Mwezi huu wa Ramadhani mchana tunapita pale tukitazama mbele tu! Lakini hebu kumbuka jambo moja ambalo kila aliyesimama karibu na mchinjaji amelishuhudia. Mbuzi akishachinjwa, damu iliyomwagika haibaki majimaji. Dakika chache tu inakuwa nzito, mwisho inashikana kama ini. Hakuna mtu aliyeitia dawa. Kazi hiyo hiyo ndiyo inayofanya wewe ukijikata na kisu cha jikoni unafunga kitambaa, unaendelea kukatakata sukuma, na unasahau.

Sasa kuna watu ambao kazi hiyo kwao haikamiliki. Hali yao inaitwa hemofilia. Mtu anazaliwa nayo, mwili wake ukiwa umekosa, au una kidogo mno, protini moja katika zile zinazogandisha damu. Aliyekosa protini iitwayo fakta 8 ana hemofilia A, aliyekosa fakta 9 ana hemofilia B. Wengi wetu tunadhani mwenye hali hii akikwaruzwa kidogo damu inaruka mpaka anakufa. Sivyo. Damu yake haitoki kwa kasi kuliko yako, inatoka kwa muda mrefu zaidi. Na mahali pabaya zaidi hapaonekani kwa macho, maana damu inavuja ndani ya viungo: goti, kiwiko, kifundo cha mguu. Goti linavimba, linakuwa la moto, na kijana anashindwa hata kukaa tashahudi. Likivuja mara ya pili, ya tatu, ya kumi, gegedu inalika na mfupa unasuguana na mfupa. Ndipo unamwona mtu wa miaka 30 anaswali juu ya kiti kando ya babu yake, na watu wanadhani aliumia mpirani.

Kijiji cha Al-Zahrawi

Vitabu vingi vya shule huuita huu "ugonjwa wa wafalme", kwa sababu Malkia Victoria wa Uingereza aliubeba, mwanawe Leopold akafa mwaka 1884 baada ya kuanguka tu, na kitukuu chake Alexei, mrithi wa kiti cha Urusi, aliteseka nao mpaka alipouawa pamoja na jamaa yake mwaka 1918. Mwaka 2009 wanasayansi walipima mabaki ya ile familia ya Urusi wakathibitisha kwamba ilikuwa hemofilia B. Hadithi tamu, na ya kweli. Lakini kuiita ya wafalme ni kusahau kwamba miaka zaidi ya 800 kabla ya Victoria, habari hizi zilikuwa zimeshaandikwa, na zilihusu wanakijiji.

Aliyeziandika ni Abul-Qasim al-Zahrawi, yule Wazungu walimwita Albucasis. Alizaliwa mwaka 936 karibu na Cordoba katika Andalus na akafariki 1013. Kitabu chake Kitab al-Tasrif kina juzuu 30, na sehemu yake ya upasuaji, yenye michoro ya vyombo vyake, ilisomeshwa Ulaya kwa karne kadhaa. Ndani ya kitabu hicho anataja kijiji kimoja ambacho wanaume wake wakijeruhiwa damu haikomi mpaka wafe. Anataja mtoto aliyesugua fizi zake tu na damu ikaendelea kutoka mpaka akafa. Anataja mwingine aliyepigwa chale ya kutolewa damu kama tiba, naye akafa. Ushauri wake ulikuwa ni kuchoma pale panapotoka damu kwa chuma cha moto, na hakuwa na kingine.

Ninachokipenda kwa huyu mzee ni kwamba hakusema wamerogwa. Hakusema ni laana ya mama zao. Aliona ni ugonjwa, akaandika alichokiona, akaacha.

Hata kabla yake, marabi wa Kiyahudi katika karne ya 2 walikwisha kuona kwamba kuna nyumba ambazo watoto wa kiume hufa kwa damu ya tohara. Wakatoa hukumu kwamba mtoto anayefuata asitahiriwe, wakitofautiana tu kama ni baada ya kufa wawili au watatu. Na sisi Waislamu hatukuachwa bila mwongozo. Imam Nawawi, aliyefariki 1277 na ambaye fiqhi yake ndiyo tunayoisoma sana Afrika Mashariki, ameeleza katika al-Majmu' kwamba mtu ambaye tohara inahofiwa kumdhuru angojwe mpaka iwe dhana kubwa kuwa atasalimika. Ibn Qudama, imamu wa Kihanbali aliyefariki 1223, naye ameandika kwamba anayeihofia nafsi yake wajibu huo unamwondokea. Basi mzazi, kama kwenu kuna mjomba au kaka aliyevuja damu siku nyingi baada ya tohara, usimpeleke mtoto kwa ngariba ati kwa sababu wenzake wanaenda. Mpeleke kwanza akapimwe damu. Mwenye hemofilia anaweza kutahiriwa hospitalini, akiandaliwa kwa dawa kabla na baada.

Ugonjwa ambao haukuwa na watu wazima

Miaka 800 baada ya al-Zahrawi, mwaka 1803, daktari John Conrad Otto wa Philadelphia, Marekani, alichapisha habari za ukoo mmoja ambamo wanaume walivuja damu, ilhali wanawake hawakuugua lakini waliupitisha ugonjwa kwa wana wao. Jina "hemofilia" lenyewe lilionekana mwaka 1828 katika maandishi ya mwanafunzi wa udaktari huko Würzburg. Siku hizi tunajua sababu: jeni iko kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja tu, ikiwa na kasoro hana ya akiba.

Tusimame hapa kidogo, maana nyumba zimevunjika kwa jambo hili. Mama anayebeba jeni hii, kila mtoto wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata, na kila binti ana nafasi nusu kwa nusu ya kuibeba. Lakini karibu theluthi moja ya wagonjwa hawana mtu yeyote katika ukoo aliyewahi kuwa nayo, yaani mabadiliko ya jeni yametokea upya. Kwa hiyo, shemeji na mawifi, acheni kumhesabia mama wa mtoto makosa. Na kijana mwenye hemofilia anayetaka kuoa ajue hivi: wanawe wa kiume hawatairithi kutoka kwake, mabinti zake wote wataibeba. Na hao wanawake wabebaji baadhi yao huvuja damu kupita kiasi katika hedhi na uzazi, basi nao wapimwe.

Lakini twende kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Huko Sweden walihesabu umri wa wagonjwa wa hemofilia kali kuanzia 1831 hadi 1920, wakapata wastani wa miaka 11. Kumi na moja, ndugu yangu! Yaani kwa karne zote hizo mgonjwa wa hemofilia kali aliyefika umri wa kuoa alikuwa mtu adimu. Ndiyo maana ukisoma historia yake utaona habari za watoto tu. Mtu mzima mwenye hemofilia ni mgeni katika historia hii, na dawa zimechelewa kumkaribisha.

Damu ya watu wengine

Mwaka 1840 Samuel Lane wa London alimwokoa kijana kwa kumtia damu ya mtu mwingine. Mwaka 1937 Patek na Taylor wa Harvard wakaonyesha kwamba ndani ya maji ya damu kuna kitu kinachorekebisha kasoro hii. Kisha katikati ya miaka ya 1960 Judith Pool wa Stanford aligundua kwamba ukiyeyusha polepole plazma iliyogandishwa kwa baridi, utando unaobaki chini umejaa fakta 8. Njia hiyo ni rahisi na ingali inatumika katika hospitali za nchi maskini mpaka leo. Baadaye zikaja chupa za unga mkavu, fakta iliyokusanywa kutoka kwa damu ya maelfu ya watu, na wagonjwa wa Ulaya na Marekani wakaanza kujidunga wenyewe nyumbani. Furaha ilikuwa kubwa, na msiba uliofuata ulikuwa mkubwa vilevile. Chupa zile zilibeba virusi vya UKIMWI na vya ini. Huko Marekani zaidi ya nusu ya wagonjwa wa hemofilia waliambukizwa kabla ya dawa hizo kusafishwa kwa joto miaka ya 1980. Stephen Christmas, ambaye hemofilia B ilipewa jina lake mwaka 1952 alipokuwa mtoto, alifariki 1993 kwa sababu hiyo. Fakta iliyotengenezwa bila kutegemea damu ya wachangiaji iliidhinishwa Marekani mwaka 1992.

Katika hayo yote, dawa ilikuwa ya kuzima moto. Damu imevuja, ndiyo unakimbia. Daktari wa kike wa Malmö, Sweden, Inga Marie Nilsson, aliliona kosa. Wagonjwa wenye fakta kidogo, hata asilimia moja au mbili tu, viungo vyao havikuharibika kama vya wasio nayo kabisa. Basi kuanzia 1958 akaanza kuwapa watoto fakta mara kwa mara kabla hawajavuja. Mwaka 1992 yeye na wenzake wakachapisha matokeo ya miaka 25: waliowahi kuanza utotoni walikua na viungo karibu vizima.

Sasa tazama ilivyokuwa. Fakta 8 mwilini inapungua nusu kila baada ya saa 12 hivi. Kwa hiyo kinga hiyo ilitaka sindano ya mshipa mara tatu kwa wiki, maisha yote, kwa gharama kubwa. Nchi zilizoweza, zilianza na watoto. Mtu mzima aliambiwa, wewe magoti yako yameshaharibika, utatibiwa ukivuja. Na kati ya wagonjwa wa hemofilia A kali, karibu watatu kwa kumi mwili wao uliikataa fakta yenyewe ukaitengenezea kingamwili za kuiua. Hao dawa ya kawaida haikuwafaa tena.

Mshenga mwenye mikono miwili

Kingamwili ni askari wa mwili. Mwaka 1890 von Behring na Kitasato huko Berlin walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyekingwa yanaweza kumkinga mwingine. Mwaka 1975 Köhler na Milstein wa Cambridge wakapata njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu, kwa wingi, maabara. Tangu hapo dawa nyingi za kansa na za baridi yabisi zimetoka katika mlango huo.

Wajapani wa kampuni ya Chugai, wakishirikiana na madaktari wa Chuo Kikuu cha Tiba cha Nara, wakajiuliza swali zuri. Fakta 8 kazi yake ni nini hasa? Ni mshenga. Inazikutanisha fakta 9 iliyoamka na fakta 10, ambazo bila kukutanishwa hazipatani, na zikikutana damu inaganda. Mshenga akikosekana, je, hawezi kutafutwa mwingine? Wakatengeneza kingamwili yenye mikono miwili tofauti, mmoja unashika fakta 9 na mwingine unashika fakta 10. Matokeo ya maabara yalichapishwa 2012. Dawa inaitwa emisizumabu, kwenye boksi imeandikwa Hemlibra. Haifanani na fakta 8, kwa hiyo zile kingamwili pinzani hazimtambui mshenga huyu mpya. Kingamwili iliyokuwa adui wa mgonjwa, sasa nyingine ya jamii yake imekuja kumtetea. Subhanallah.

Mwaka 2017 majaribio ya wagonjwa wa miaka 12 na zaidi, wote wenye kingamwili pinzani, yalionyesha kuvuja kulipungua kwa asilimia 87 ukiwalinganisha na wasiopewa kinga. Mwaka 2018 kwa wale wasio na pinzani kulipungua kwa asilimia 96 hadi 97. Marekani iliidhinisha dawa hii Novemba 2017 kwa kundi la kwanza na Oktoba 2018 kwa kundi la pili. Na inadungwa chini ya ngozi, tumboni au pajani, si kwenye mshipa: kila wiki kwa wiki nne za mwanzo, halafu kila wiki, au kila wiki mbili, au hata mara moja kila wiki nne. Kwa mtu mzima ambaye mishipa yake imechoka kwa miaka ya kutobolewa, hiyo si nafuu ndogo.

Emisizumabu ni ya hemofilia A peke yake. Wenye B walingoja zaidi, mpaka wanasayansi walipokuja na hesabu nyingine. Mwili una breki yake ya kuzuia damu isigande ovyo. Mwenye hemofilia ni kama lori dhaifu linalopanda mteremko huku breki imeshikwa. Kama huwezi kuongeza nguvu ya injini, legeza breki. Kingamwili mbili zinafanya hivyo na zinafaa A na B, kwa watu wazima na vijana kuanzia miaka 12. Marstasimabu (Hympavzi), sindano ya mara moja kwa wiki, iliidhinishwa Marekani Oktoba 2024. Konsizumabu (Alhemo), ya kila siku, ikafuata Desemba 2024.

Hakuna dawa isiyo na upande wa pili. Ukimzidishia mtu ugandaji, damu inaweza kuganda isipotakiwa. Katika majaribio ya emisizumabu baadhi ya wagonjwa walipata madhara hayo walipochanganyiwa dozi kubwa za dawa nyingine ya kugandisha. Pia hairudishi gegedu iliyokwisha lika. Inalinda kilichobaki.

Kutoka Kikopey unakwenda wapi?

Kwa hesabu ya kawaida ya mtu mmoja kwa kila 10,000, Kenya yenye watu milioni 47.6 katika sensa ya 2019 ingekuwa na wagonjwa zaidi ya 4,000. Waliotambuliwa ni sehemu ndogo tu. Wengine wako wapi? Wamezikwa wadogo, au wako nyumbani wanaitwa viwete, au wanapakwa mafuta ya mbuni wakiambiwa ni baridi ya Bonde la Ufa.

Kliniki zinazojulikana ni kama ile ya Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, na ya Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret. Pima mwenyewe: mtu wa Kikopey goti limeanza kuvuja usiku, Nairobi ni zaidi ya kilomita 100 na Eldoret ni mbali zaidi ya hapo. Hospitali ya kaunti Nakuru ndiyo ya karibu, na hapo ndipo pa kukimbilia na kuomba rufaa. Lakini saa zinahesabika. Ndiyo maana nasema kinga ingemfaa mtu wa Kikopey kuliko hata yule wa London, ambaye hospitali iko mtaa wa pili.

Na bei? Emisizumabu ilipotoka, bei yake Marekani ilikuwa zaidi ya dola 400,000 kwa mwaka mmoja. Hata ukiuza ng'ombe wote wa Gilgil! Kinachofika kwetu hufika kwa msaada. Shirikisho la Hemofilia Duniani, lililoanzishwa 1963 na Frank Schnabel wa Montreal, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa, lina programu ya msaada tangu 1996 ambayo imeleta fakta Kenya. Mwaka 2019 kampuni ya Roche ilitangaza kutoa emisizumabu kupitia programu hiyo kwa watu hadi 1,000 wa nchi zinazoendelea kwa miaka mitano. Msaada hugawiwa kwa wanaojulikana. Asiyepimwa na kuandikwa, kwa programu hiyo hayupo. Chama cha Hemofilia cha Kenya na Jose Memorial Hemophilia Society, kilichoanzishwa na mama aliyefiwa na mwanawe, ni milango ya kubisha. Siku ya Hemofilia Duniani ni 17 Aprili, tarehe aliyozaliwa Schnabel.

Kufunga, hijama na miswaki

Swali linaloulizwa kila mwaka: sindano inafunguza? Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa ya Jeddah, katika azimio la 1997, ilisema sindano za chini ya ngozi, za msuli na za mshipa hazifunguzi, isipokuwa zenye lishe. Emisizumabu na fakta si lishe. Anayetaka kuondoa wasiwasi adungwe baada ya futari, maana dawa hii ya kingamwili hukaa mwilini kwa wiki nyingi na saa chache haziharibu kitu. Lakini ukianza kuvuja saa nane mchana, usingojee magharibi. Fungua, nenda hospitali, siku hiyo utailipa.

Hijama inapendwa mwezi huu. Mwenye hemofilia asipigwe, na anayepiga hijama aulize kabla ya kushika wembe. Yule mtu wa kijiji cha al-Zahrawi alikufa kwa jambo kama hilo. Miswaki chagua laini, uiloweke. Maumivu yakizidi usinunue aspirini wala diklofenaki dukani, paracetamol ndiyo salama zaidi. Na sindano za msuli, zile za kudungwa makalioni, zikwepwe.

Neno kwa aliyebahatika kupata emisizumabu. Beba kadi inayosema unaitumia, hasa ukisafiri barabara hii yetu ya ajali nyingi. Kipimo cha kawaida cha muda wa damu kuganda kitaonyesha kana kwamba wewe ni mzima kabisa, na daktari wa zamu asiyejua atakuruhusu kwenda nyumbani huku ukihitaji fakta. Hali hiyo ya vipimo inaweza kuendelea hadi miezi 6 baada ya sindano ya mwisho.